Naomba ushauri: binti yangu na Daughters of the American Revolution

Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni Mmarekani, na binti yetu wa miaka 19 anatamani sana kujiunga na chama hiki cha tangu 1890, cha wanawake wa ukoo wa waliopigania uhuru wa Marekani. Nyaraka za kila kizazi tunazo hadi kwa babu aliyezaliwa 1824. Kumuunganisha babu huyo na baba yake ndipo tumekwama: sensa za kabla ya 1850 zilitaja mkuu wa kaya tu, watoto ni tarakimu. Tunayo Biblia ya familia, majina ya watoto yako humo kwa wino uliopauka, ila ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa umechanika. Itakubalika kweli? Au nitafute wosia na hati za ardhi kwenye kaunti? Aliyepitia haya anielekeze tafadhali.