Kusaidiana kunaishia wapi? Swali la kozi ya mtandaoni kutoka Uyole

Kutoka: mdogo wenu, Uyole (Mbeya)

Shikamooni kaka na dada zangu mlioko mbali, na wenzangu wa rika hamjambo.

Mwezi uliopita nimeanza shahada ya uzamili ya lishe kwa njia ya mtandao. Chuo kiko Uingereza, ada nalipa mwenyewe kwa awamu. Kabla ya kufunguliwa somo la kwanza nilitakiwa nisome kurasa kumi na nne za kanuni za uaminifu wa kitaaluma, kisha nibonyeze kwamba nimeelewa na nimekubali. Nimebonyeza. Maneno niliyaelewa, ila mipaka bado sijaiona.

Nilipokuwa chuo hapa Mbeya tulisoma watu sita, desa (notisi za kunakili) moja linazunguka, asaimenti ya kikundi anaandika mmoja na majina yanaingia yote. Hakuna aliyetuhesabu wezi. Sasa kwenye kozi hii yuko mwenzangu wa Tukuyu, tunataka tuwe tunapigiana simu jioni na kujadili maswali. Inaruhusiwa? Pili, Kiingereza changu cha kuandika ni kizito. Huwa naandika kwa Kiswahili, halafu napitisha kwenye programu ya kutafsiri. Hilo nalo ni kosa? Tatu, kijana mmoja wa stesheneri Mwanjelwa ameniambia kwa bei ya maelewano atanifanyia kazi zote za muhula. Nimemkatalia, lakini amenihakikishia wanafunzi wengi wa vyuo vya nje ni wateja wake, na mimi nabaki najiuliza kama ninajitesa bure.

Naomba msaada wenu. Kazi ya kwanza inakusanywa baada ya wiki tatu.

Kutoka: dada yenu, Leeds (Uingereza)

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Umeuliza mapema. Mimi niliuliza nikiwa nimeshaitwa kwenye kikao.

Ulikuwa muhula wangu wa kwanza huku. Nilikuwa na kaunta buku moja kubwa. Nikisoma makala, sentensi iliyonipendeza naiandika humo kama ilivyo, bila alama za nukuu, bila namba ya ukurasa. Ndivyo tulivyozoea tangu shule ya msingi: mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunahamisha kwenye daftari neno kwa neno, na mwenye daftari safi ndiye anayesifiwa. Miezi miwili baadaye nafungua lile buku niandike insha, nauona mwandiko wangu mwenyewe, naamini na maneno ni yangu. Aya tatu hazikuwa zangu. Kwenye kikao walinionyesha makala upande huu na kazi yangu upande wa pili, mistari inayofanana imepakwa rangi moja. Nikasema sikukusudia. Walinisikiliza kwa upole, na bado nikapata sifuri, nikarudia kazi ile kwa sharti kwamba hata niandike vizuri namna gani, alama haizidi 50, ambayo ndiyo ya kufaulia. Nililia siku ile. Mtu uliyelelewa usiguse hata hindi la shamba la jirani, leo unaulizwa maneno haya umeyatoa wapi.

Kwa hiyo anza na daftari. Maneno ya mwandishi yaandike kwa kalamu nyekundu, ndani ya alama za nukuu, na ukurasa wake papo hapo. Mawazo yako, bluu.

Kuhusu kusema kwa maneno yako mwenyewe, nikupe mfano wa fani yako. Ripoti ya Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 inaonyesha kwamba mkoani Iringa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni kama 30. Takwimu hizo utataja zilikotoka, hilo halina mjadala. Tatizo ni maelezo yanayozizunguka. Ukichukua aya ya ripoti ukabadilisha neno hapa na neno pale, bado ni aya yao, hata ukiweka marejeo chini. Wewe ifunge ripoti. Nenda jikoni umweleze mama kwa Kiswahili kwa nini mkoa unaovuna mahindi, viazi na maharage una watoto wafupi kuliko umri wao. Yeye atakuuliza maswali, atakubishia, labda atakukumbusha mama aliye shambani tangu alfajiri na mtoto anayeshinda na uji mtupu. Ulivyomjibu mama, ndivyo uandike. Halafu fungua ripoti, hakiki takwimu, weka marejeo.

Wengi wanaogopa ile asilimia ya Turnitin, programu ambayo vyuo huitumia kulinganisha kazi yako na maandishi mengine. Ile inapima maandishi yanayofanana tu. Nukuu halali na orodha ya marejeo vinaweza kuipandisha, na mwenye kuamua ni mwalimu anayefungua na kusoma. Nimeona mtu ana asilimia ndogo na kaitwa, kwa sababu ile ndogo yote ilikuwa aya moja ya mtu mwingine.

Programu ya kutafsiri usikisie, na akili mnemba vilevile. Vyuo havifanani, na ndani ya chuo kimoja somo hili linaruhusu kusahihishiwa lugha ukitamka kwamba umetumia, somo lile linakataza kabisa. Mwandikie tyuta, yaani mwalimu wa somo lako, leo, umweleze unavyofanya hatua kwa hatua, na jibu lake lihifadhi. Zile rasimu za Kiswahili usizitupe hata moja. Siku ukiulizwa, hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba wazo limetoka kichwani mwako.

Sasa yule kijana. England ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwauzia wanafunzi kazi za kuandikiwa, au hata kutangaza huduma hiyo, kuwa kosa la jinai. Mwanafunzi mwenyewe humalizana na chuo chake, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa. Tena anayekuandikia anabaki na siri yako. Kuna waliomaliza kulipa, kisha wakadaiwa tena kwa vitisho vya kuripotiwa. Na mdogo wangu, utahitimu urudi kwenye kliniki, mama aje na mtoto mgongoni. Utamshauri nini kama masomo aliyasoma kijana wa stesheneri?

Niseme na kwetu tulioko huku: tunaombwa sana na ndugu, "dada, wewe Kiingereza unakijua, niandikie tu hii moja." Mimi nasoma rasimu kama kanuni za kozi yake zinaruhusu, nauliza maswali pale nisipoelewa, ila kalamu sishiki.

Kutoka: kaka yenu, Kihesa (Iringa)

Kamwene wapendwa. Dada kamaliza karibu yote. Naongeza la kusoma pamoja, maana lilinipata.

Nilisoma kozi ya namna hiyo hiyo na rafiki yangu wa Mafinga. Tulijadili kwa simu, hilo halina shida. Kosa letu lilikuwa jedwali. Yeye alilichora, akanitumia WhatsApp "uone tu", nami nikaona, nikalitumia. Wote tuliitwa, na yeye aliyetoa aliulizwa sawa na mimi niliyepokea. Jadilianeni mpaka usiku wa manane, lakini mkishaanza kuandika kila mtu afunge mlango wake, na faili lisitoke hata kwa mtu unayemwamini.

Jambo jingine ni saa. Kwenye ukurasa wa kozi mwenzenu niliona 12:00, nikasoma kwa akili ya kwetu: saa kumi na mbili jioni. Nikatuma saa kumi na moja na dakika arobaini, natabasamu. Kumbe ni saa sita mchana ya Uingereza, ambayo kwetu wakati wao wa baridi ni saa tisa alasiri. Nilikuwa nimechelewa karibu saa tatu, na alama zikakatwa. Tena wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo tofauti huwa saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi. Andika ukutani kwa saa za kwetu.

Umeme nao. Ukiona tangazo la kukatwa umeme, lipige picha likiwa na tarehe, umwandikie tyuta kabla ya muda kuisha. Ukieleza baadaye bila ushahidi, ni vigumu kusikilizwa.

Kutoka: mdogo wenu, Uyole

Asanteni sana. Nimemwandikia tyuta juzi na amejibu leo. Kutafsiri neno moja moja anaruhusu, kupitisha aya nzima hapana. Amenielekeza kwenye darasa la bure la uandishi la chuo, kila Jumanne. Kwa hiyo nimeanza kuandika upya kwa Kiingereza changu, kurasa mbili kwa siku tatu, na rasimu za Kiswahili nimezifungia kwenye bahasha.

Mwenzangu wa Tukuyu nimemsomea ujumbe wa kaka. Alikuwa ameshanitumia jedwali lake. Nimelifuta mbele yake kwenye simu ya video, naye akacheka, akasema sawa, tutaongea maswali tu.

Jaribio la mtandaoni, lile la kusimamiwa kwa kamera, ni Alhamisi, saa 4 asubuhi ya kwao, saa 7 mchana kwetu. Hapa kwangu mtoto huingia chumbani bila hodi, kwa hiyo shangazi wa mtaa wa Forest amenipa chumba cha nyuma chenye umeme wa sola, na mama atakaa na mtoto.