Naomba ushauri: fundi wa rangi ya ndani, nyumba ya Tudor, bei tatu zisizokaribiana

Mwana Tudor
Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Nyumba ni ya marehemu baba, iko mtaa wa Tudor hapa Mombasa, ya ghorofa moja na sisi tuko chini. Vyumba vitatu vya kulala, ukumbi, ujia na jikoni. Mara ya mwisho kupakwa rangi ndani ni zamani sana. Mwezi wa 12 tuna harusi ya mdogo wangu na wageni watashukia hapa, kwa hivyo nataka fundi hasa, si kijana wa kupita na brashi.

Nimeita watatu waje watazame. Wa kwanza alisimama mlangoni, akatupa jicho ndani, akataja elfu 38. Wa pili alizunguka na tepu, akagonga kuta, akaandika karatasi nzima: elfu 96. Wa tatu hataki kutaja jumla, ataka alipwe kwa siku, yeye na kijana wake.

Kuna na ukuta mmoja wa ukumbi, ule wa upande wa uani. Umefanya malengelenge kutoka chini mpaka usawa wa goti, na ukiupangusa unatoa unga mweupe. Fundi wa kwanza asema ataukwangua, apake juu yake, na yatakwisha. Milango na madirisha ni mbao zenye rangi ya mafuta ya zamani. Nichague vipi? Na rangi ninunue mimi au nimwachie fundi?

Yakhe wa Kibokoni
Wa alaikum salaam. Hiyo elfu 38 ni ufundi tu ama na rangi ndani yake? Kabla hujajua hilo usilinganishe chochote.

Mwana Tudor
Nimempigia sasa hivi. Ni ufundi tu, rangi ni juu yangu. Ile ya 96 ni pamoja na kila kitu.

Mzee wa Kahawa Chungu
Paka nyeupe na buluu tu, kaunti ifurahi 😄

Yakhe wa Kibokoni
Mzee, amri ile ya kaunti ya 2018, ya nyeupe na buluu, ilikuwa ya nje ya majengo. Ndani mtu apake hata zambarau.

Brashi Nne
Dadangu, mimi ni fundi wa rangi, nazungumza kama fundi. Kupaka ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Pesa na jasho ziko kabla debe halijafunguliwa: kuhamisha na kufunika vyombo, kukwangua rangi iliyoachia, kuosha mafuta ya jikoni, kuziba nyufa kwa filla, kupiga msasa, kupangusa vumbi, kisha praima, yaani rangi ya msingi, pale ukuta ulipobaki mtupu. Anayetaja bei akiwa mlangoni hajaona lolote katika hayo, na asichokiona hatakifanya. Muulize kila mmoja swali moja: "Siku ya kwanza na ya pili utakuwa ukifanya nini?" Akikwambia siku ya kwanza anapaka, mpe chai aende zake.

Halafu hesabu ya rangi, usiogopeshwe nayo. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 3, kuta zake zote ni mita mraba 42. Toa mlango na dirisha, zabaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili basi ni lita 7 au 8, yaani galoni mbili za lita 4. Ukuta mkavu uliokwaruzika utakunywa zaidi, na ukitoka rangi iliyokoza kwenda nyeupe utahitaji mkono wa tatu. Piga hesabu hiyo chumba kwa chumba ulinganishe na karatasi ya yule wa elfu 96. Zikikaribiana, huyo ni mtu wa kazi. Akiandika madebe mawili ya lita 20 kwa chumba kimoja, hapo kuna jambo.

Karatasi iseme pia aina ya rangi, si "rangi nzuri" tu. Dari na vyumba vya kulala, mati, ile isiyong'aa. Ukumbini na ujiani mnapopita watoto, silki, kwa sababu yaoshwa. Lakini silki ina mng'ao na huonyesha kila bonde la ukuta, kwa hivyo anayeogopa msasa atakushawishi uchukue mati nyumba nzima.

Mpangaji wa Bamburi
Rangi nunua mwenyewe. Nenda na fundi dukani, mchague pamoja, lipa wewe kwa M-Pesa na risiti ibaki kwako. Fundi mmoja aliniletea debe limeshafunguliwa, ati "nimekukorogea kabisa". Ilikuwa maji matupu, kuta zaonekana mpaka leo. Na madebe yote ya rangi moja yawe na nambari moja ya toleo, maana rangi iliyokorogwa leo na ya wiki ijayo hupishana kidogo, na ukutani huonekana.

Malipo: usitoe nusu mwanzo. Fundi akitaka pesa ya vifaa, vifaa hivyo nunua wewe.

Brashi Nne
Hapo kwa malipo sikubaliani nawe sana, ndugu. Sisi pia hukimbiwa. Mtu amaliza nyumba ya watu, mwenye nyumba aanza kuona kasoro ambazo jana hazikuwapo. Gawanyeni kwa hatua: kidogo siku ya kuanza ili vijana wapate nauli na chakula, fungu la pili kuta zikishatayarishwa na wewe umezitazama kabla ya rangi, la tatu baada ya mkono wa kwanza, na baki mkishazunguka pamoja mchana, madirisha wazi. Usikague kwa taa ya usiku. Yote yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu yatosha.

Na huyo wa kibarua cha siku si lazima awe mwizi. Kazi isiyojulikana mwisho wake, kama kukwangua rangi ya miaka, mara nyingine ni haki kuilipa kwa siku. Ila nyumba nzima kwa siku, hapana. Atapaka kwa mwendo wa kobe.

Mwashi Mstaafu
Nyote mwazungumza rangi na ule ukuta mwauruka. Bibiye, huo si ugonjwa wa rangi. Maji yapanda kutoka ardhini au yatoka mahali karibu, yapita ukutani yakibeba chumvi, yakifika juu yakauka, chumvi ikabaki na kuisukuma rangi itoke. Ndiyo huo unga mweupe. Ukipaka juu yake, hata rangi ya bei ya dhahabu, mvua zikija utabambuka.

Kwanza tafuta maji yatoka wapi. Nenda huko uani utazame: mchanga au saruji imepanda kupita sakafu ya ndani? Kuna bomba lavuja, gata lamwaga hapo, shimo la choo liko karibu? Kisha chukua kipande cha plastiki, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, ukiache siku nzima na usiku wake. Matone yakikaa upande wa ukuta, maji yatoka ndani ya ukuta. Yakikaa upande wako, ni unyevu wa hewa tu, na joto la huku kwetu twalijua.

Chanzo kikishafungwa, plasta iliyooza itolewe mpaka kwenye jiwe, ipite juu ya alama ya unyevu, ipigwe mpya. Plasta mpya ya saruji isipakwe rangi kabla ya wiki kama nne, kisha ianze na praima ya kuzuia alkali, ule ukali wa saruji unaoharibu rangi. Sasa hesabu wewe: vuli ni Oktoba na Novemba, harusi Desemba. Mwashi aingie mwezi huu, si mwezi ujao.

Kama nyumba ingekuwa ya Mji wa Kale, ya mawe na chokaa, ningekwambia usitie saruji kabisa, wala rangi ya plastiki. Kuta zile hupumua. Hurudishiwa chokaa kwa chokaa.

Yakhe wa Kibokoni
Kweli kabisa. Kwetu mjomba alipiga saruji sebule nzima, unyevu ukahamia chumba cha pili.

Mama Pacha
Nami n'na neno juu ya milango. Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuhubiriwa madhara ya risasi, tumeyaona mtaani Owino Uhuru, kwa kile kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwambie fundi asipige msasa mkavu. Atumie msasa wa maji, watoto wasiwepo, sakafu ifunikwe, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Fundi akicheka ukimwambia hivyo, umeshapata jibu lako.

Brashi Nne
Mama Pacha kasema kweli. Na rangi ya maji haishiki juu ya mafuta yanayong'aa. Lazima yakwaruzwe na yatiwe undakoti, rangi ya chini ya kushikisha.

Mpangaji wa Bamburi
Pia omba akupeleke nyumba aliyopaka mwaka jana au juzi, si ya wiki iliyopita. Ya wiki iliyopita zote zapendeza.

Mwana Tudor
Mungu awalipe. Nimeweka plastiki, matone yako upande wa ukuta, na uani kumbe kuna bomba la kufulia latiririka chini kwa chini. Fundi bomba yuaja kesho, na mwashi nimeshampata. Yule wa elfu 96 nimemuuliza siku ya kwanza na ya pili atafanya nini, akanitajia mpaka mahali atakapoweka kabati. Amekubali rangi ninunue mimi na atoe hesabu upya. Wa kwanza nilipomtajia msasa wa maji alikata simu.

Limebaki moja. Dari ya jikoni ina doa la hudhurungi, limepakwa mara nyingi na hurudi palepale.

Brashi Nne
Doa la maji hupenya rangi ya maji. Likikauka kabisa, lipake kwanza undakoti ya mafuta, liache likauke, ndipo uje na mati. Lakini juu ya jikoni yako kuna nini?

Mwana Tudor
Bafu la shangazi.

Mzee wa Kahawa Chungu
Basi hapo fundi hasaidii, mwanangu. Panda na sahani ya halua, umuulize taratibu.