Bastola ipi kwa walinzi wa msafara Baghdad: Glock 19, Beretta 92FS au CZ 75 B?

Mpangaji
Wakuu, heshima kwenu. Kampuni inaandaa kikosi cha walinzi 24 wa kusindikiza wahandisi kwa magari, uwanja wa ndege wa Baghdad hadi maeneo ya kazi. Nusu yao ni Waganda na Wakenya waliostaafu jeshini, wamezoea AK. Bunduki zimeshaamuliwa, ni M4. Imebaki bastola, na muuzaji mwenye kibali ana aina tatu: Glock 19 Gen 5 (toleo la tano), Beretta 92FS na CZ 75 B, zote za risasi za 9x19. Naomba hoja za kiufundi: vumbi, joto, kukaa garini saa nyingi na fulana ya kuzuia risasi. Pia, mtu aruhusiwe kuja na yake?

FundiSilaha
Mkuu, chukua Glock 19, na wote 24 wabebe hiyo hiyo. Usichanganye. Mlinzi akiishiwa, magazini (kibebeo cha risasi) ya mwenzake iingie kwake bila kufikiri. Magazini ya Glock 17 nayo inaingia kwenye 19, inachomoza tu chini kidogo, kwa hiyo za akiba ziwe hizo: risasi 17 badala ya 15.

Beretta si mbaya, ila ina karibu gramu 950 ikiwa tupu, na sefti yake (kifungio cha usalama) iko juu ya slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Mtu akivuta slaidi kwa haraka anaweza kuishusha sefti, yaani kuifunga, bila kujua, kisha anabonyeza traiga na hakuna kinachotokea. Wanajeshi wa Marekani walisumbuka nayo Iraq kwa jambo jingine pia: magazini zenye tabaka gumu la fosfeti zilishika mchanga, risasi zikawa hazipandi. CZ 75 B inalenga vizuri mno, lakini ni chuma kitupu, karibu kilo moja, na vipuri vyake ni vigumu kuvipata pale. Polisi wa Iraq waligawiwa Glock 19 kwa wingi tangu 2004, kwa hiyo mafundi wanaoijua wapo. Angalizo: nyingi za polisi ni Gen 3. Springi ya kurudisha slaidi ya Gen 3 haiingii Gen 5, hivyo agiza vipuri vyako mwenyewe. Kwa bastola 24 weka springi 6 za kurudisha slaidi, springi 6 za traiga, ving'oa-ganda 4, na panchi ya milimita 3 ya kutolea pini.

Sasa vumbi. Watu humwaga mafuta wakidhani wanasaidia, kumbe mafuta na vumbi vinageuka tope. Weka matone machache tu: kwenye reli za slaidi, juu ya mtutu, na tone moja pale nyuma upande wa kulia ambapo mkono wa traiga unagusana na kiunganishi. Mfereji wa pini ya kufyatulia uwe mkavu kabisa. Magazini zifunguliwe kila wiki, zipanguswe kwa kitambaa kikavu, zisitiwe mafuta hata chembe. Kila magazini iandikwe namba. Ikikwama mara mbili, iondolewe kazini, maana bastola mara nyingi husingiziwa kosa la magazini.

Kabla ya kugawa, kila bastola ifyatue risasi 200 za aina ile ile ya kazini, kwa kutumia magazini zake zote tatu.

Mwalimu wa Uwanja
Naunga mkono, ila Glock ina sehemu moja ya hatari ambayo lazima ifundishwe siku ya kwanza. Kuifungua kwa usafi kunahitaji uvute traiga. Ukisahau risasi chemba (pale inapokaa tayari kufyatuliwa), inalia. Utaratibu ni huu: toa magazini, vuta slaidi mara tatu, ifunge nyuma, angalia chemba kwa macho, ingiza kidole uhakikishe, halafu elekeza kwenye pipa la mchanga ndipo uvute.

Wa AK wana shida yao. Wamezoea sefti kubwa ya kushusha kwa kiganja. Glock haina sefti ya mkono. Usalama wao ni kidole nje ya traiga na mfuko mgumu wa kubebea bastola unaoifunika traiga yote. Mifuko ya nailoni laini ikatae. Kamba ya jaketi au ncha ya shati ikiingia mfukoni wakati wa kurudisha bastola, inavuta traiga yenyewe. Warudishe polepole, wakitazama.

Garini, mkanda wa kiti hufunika nyonga ya kulia, na fulana huinuka mtu akikaa. Dereva afungue mkanda kwanza, aibane fulana kwa mkono wa kushoto, kisha achomoe, huku mtutu haupiti juu ya mapaja yake wala ya jirani. Wafanye zoezi hili bila risasi, ndani ya magari yale yale, hadi lizoeleke.

Mpangaji
Shukrani sana. Wanapoingia kambini wanatakiwa kutoa risasi chemba kila mara. Kuna madhara?

Mwalimu wa Uwanja
Yapo, na wengi hawayajui. Risasi ile ile ikiingizwa chemba kila siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na msukumo wa gesi hupanda sana ikifyatuliwa. Ikishaingia chemba mara mbili, ihamishie sanduku la mazoezi. Ilinganishe na mpya: ikionekana fupi, isifyatuliwe kabisa.

Mwanasheria
La kuja na bastola binafsi: hapana. Silaha iandikishwe kwa jina la kampuni, na mlinzi awe na kadi yenye namba ya silaha hiyo. Wala msinunue mtaani. Mwaka 2007 wakaguzi wa Bunge la Marekani walisema bastola kama 80,000 ambazo Marekani iliwapa Wairaqi hazikuweza kufuatiliwa zilipo. Ukikutwa na mojawapo, ueleze umeipataje.

Na wafundishwe sheria ya kufyatua kabla ya shabaha. Baada ya mauaji ya uwanja wa Nisour, Baghdad, Septemba 2007, ambapo walinzi wa Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Marekani, waliua raia 17, kinga ya kutoshtakiwa ilibanwa: tangu Januari 2009 makandarasi wa Marekani wako chini ya sheria za Iraq. Bastola ni ya kujihami pale uhai unapotishiwa, si ya kutisha madereva wanaosogelea msafara. Kila risasi iliyofyatuliwa iandikiwe taarifa siku hiyo hiyo: saa, mahali, namba ya bastola, na sababu.