Naomba ushauri: Great Zimbabwe, nianze kilimani au bondeni?

Mpanda Ngazi: Wanajukwaa wenzangu, salaam. Mwezi ujao natarajia kufika Masvingo, nchini Zimbabwe, nikiwa na mgeni mmoja mwenye umri mkubwa, na muda tutakaoupata kwenye magofu ya kale ya Great Zimbabwe ni asubuhi moja tu. Nakosa usingizi nikiwaza kama tuanze kwa kuipanda ngome ya kilimani au tuanze na Uzio Mkubwa, lile boma la ukuta wa mawe lililoko bondeni.

Mama Nyamizi: Anzeni kilimani kabla jua halijakolea. Kuna njia ya kale, inayopenya katikati ya majabali kwa kubana, na njia ya kisasa ambayo ni nafuu zaidi. Kilima chenyewe hakifiki mita 100, ila magoti hayajui hesabu. Mimi nilipanda na shangazi yangu, akalalamika njia nzima, na alipofika juu akagoma kushuka.

Fundi Mwashi: Kilima waachie wengine, wewe tazama ukuta. Jabali la matale hupata joto mchana na kupoa usiku hadi likabanduka tabaka kwa tabaka, na wajenzi wakayavunja matabaka hayo na kuyapanga bila saruji wala chokaa. Ukuta wa Uzio Mkubwa unafika mita 11 kwenda juu. Vijana wangu, pamoja na timazi na pima maji, ukuta wa mita mbili unawapinda.

Mdadisi: Ngome ya vita gani? Wataalamu wengi wanaona pale kilimani yalikuwa makao ya watawala, na kuta zilijengwa kwa heshima na faragha kuliko kwa ulinzi. Halafu, huyo mgeni ni nani hata akukoseshe usingizi?

Mpanda Ngazi: Sikupenda kulisema hilo. Ni baba wa mchumba wangu, na mahari bado haijapangwa. Mzee anashikilia kwamba kuta zile zilijengwa na Malkia wa Sheba, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa utotoni. Nimekwisha kumlipa mtembeza wageni na kumwomba amweleze ukweli tukiwa juu kabisa, mahali ambapo hawezi kuondoka kwa hasira. Sioni ubaya wowote, maana si mimi nitakayesema.

Mzee wa Baraza: Mwanangu, mkwe habishwi, wala hatafutiwi mtu wa kumbisha kwa malipo. Posa kwanza, historia baadaye.

Mwalimu Mstaafu: Mzee wa watu hakuubuni uongo huo. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alinusa kipande cha mbao pale, akakifananisha na mwerezi wa Lebanoni, na hapo hapo akamwona Malkia wa Sheba. Uchunguzi wa mwanaakiolojia Randall-MacIver mwaka 1905, na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, ulionyesha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika, lakini utawala wa walowezi wa Rhodesia, jina la Zimbabwe enzi hizo, uliendelea kuulea uongo ule kwa sababu uliwafaa. Badala ya kumwaibisha, mtajie sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliyookotwa kwenye magofu hayo, aone kwamba dhahabu ya bara ilipitia mikononi mwa watu wa pwani yetu.

Mpanda Ngazi: Nashukuru, lakini mtembeza wageni amekwisha kulipwa. Isitoshe, nilipokwenda mara ya kwanza nilipiga picha na wale ndege wa kale waliochongwa kwa mawe wakiwa wamesimama juu ya ukuta wa kilimani, na nina hakika mzee akiwaona pale atalainika.

Mdadisi: Hapo umejifichua. Ndege wale waliondolewa kilimani zamani za ukoloni, na mmoja wao aliuziwa Cecil Rhodes mwenyewe, yule kinara wa wakoloni Waingereza. Anayetaka kuwaona huingia makumbusho. Ndugu, hujafika kule, na nina shaka hata na huyo mkwe.

Mpanda Ngazi: Makumbusho yako pale pale kwenye magofu. Mtu akichanganya makumbusho na ukuta, ndiyo awe hana mchumba?

Mzee wa Baraza: Mchumba awepo au asiwepo, ushauri wangu hauna marejesho.

Mama Nyamizi: Hata kama mzee ni wa kubuni, magoti yake nimekwisha kuyahurumia. Mpitishe njia ya kisasa.

Fundi Mwashi: Ukifika kweli, zunguka nje ya Uzio Mkubwa upande wa kusini-mashariki, uinue macho hadi kileleni mwa ukuta, ambako mawe yamepangwa kwa mishazari kama meno ya msumeno. Tuletee picha ya pambo hilo, mzee akiwa amesimama chini yake.