Kompyuta ya steshenari imekuwa nzito, diski iko asilimia 100 muda wote. Programu gani ya bure itasaidia?

Steshenari_Pasua (Moshi):
Wakuu, habari za kazi. Nina HP ya mezani hapa dukani: Core i3 kizazi cha 4, RAM 4GB, HDD 500GB, Windows 10. Nikiiwasha, hadi Word ifunguke ni kama dakika 8. Task Manager inaonyesha diski asilimia 100 hata kama sijafungua kitu. Kazi zangu ni kuchapa, kuskani na kutoa kazi za wateja wanazotuma WhatsApp. Fundi anasema ninunue nyingine.

Fundi_Mbauda:
Dada, usifute chochote kabla hujaipima diski. Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikionyesha bluu, endelea. Ikiwa njano au nyekundu, tazama mistari miwili: 05 ni sehemu zilizokufa zikahamishwa, C5 ni zile ambazo hazisomeki na zinasubiri hatima yake. C5 isipokuwa sufuri, asilimia 100 yako huenda inatoka hapo: diski inarudia kusoma sehemu ileile, na Windows nzima inaisubiri. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje leo hii. Usifanye defragi (kupanga upya faili kwenye diski), utaimalizia.

Mtaalamu_Sakina:
Diski ikiwa nzima, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Startup, zima vinavyojiwasha vyenyewe, bakiza antivirusi na printa. Antivirusi iwe moja tu. Zikiwa mbili, kila faili unayofungua inakaguliwa mara mbili.

Halafu Windows+R, andika cleanmgr, chagua "Clean up system files", futa masalia ya Windows Update. Angalia sana hapa: baadhi ya matoleo yana kisanduku cha Downloads. Usikitie tiki! Kazi za wateja ulizoshusha kutoka WhatsApp Web zinakaa humo.

BleachBit, programu ya bure ya kusafisha, nayo ni nzuri, ila usiguse Passwords wala "Free disk space". Hiyo ya pili inaandika juu ya nafasi yote iliyo tupu, inakula saa nyingi na kasi haiongezeki. Programu za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) achana nazo kabisa.

Fundi_Mbauda:
Naongezea. Kusafisha kunakupa nafasi, HDD inabaki na mwendo wake. Kabla ya kununua mashine mpya, weka SSD (diski ya kasi zaidi kuliko HDD) ya SATA ya inchi 2.5. Clonezilla inahamisha kila kitu bure, lakini kwa kawaida haikubali kutoka diski ya 500GB kwenda ya 240GB, hata kama umetumia 80GB tu. Punguza patisheni (mgawanyo wa diski) kwanza au sakinisha Windows upya. Tumia UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati unaanza mwanzo.

Mtaalamu_Sakina:
Na ukisakinisha upya, fikiria Linux Mint Xfce, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na i3 ya kizazi cha 4 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

Steshenari_Pasua:
Asanteni sana. Printa na skana zitakubali Linux?

Mtaalamu_Sakina:
Jaribu kabla ya kusakinisha. Andika Mint kwenye flashi ya 8GB kwa kutumia programu ya bure ya Rufus, washa HP huku ukibonyeza Esc, kisha F9, uchague flashi. Chapa ukurasa mmoja, skani mmoja. Usipime kasi hapo, flashi huwa nzito kuliko SSD. Fungua pia faili za Word zenye majedwali kwenye LibreOffice (inayotumika badala ya Word) uone kama mpangilio haujahama. Mpangilio ukihama na wateja wako wengi wanaleta faili za hivyo, baki na Windows.