Mrejesho: Helios 44-2 sasa inapiga kwenye Sony a6000

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kamera yangu ya a6000 inagoma kupiga picha nikiifungia Helios 44-2, ile lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, kwa adapta ya M42 (pete ya kuunganishia lenzi za zamani za skrubu). Aliyesema lenzi haina kosa, ahsante sana. Adapta ni bomba tupu la chuma lisilopitisha umeme, kwa hiyo kamera inadhani haina lenzi kabisa. Nimeingia kwenye menyu, nikairuhusu ipige bila lenzi, ikafyatua hapo hapo.

Kazi kubwa ikawa fokasi, yaani kulenga ninachotaka kitoke kali. Nilimpiga mama picha kumi kwenye f/2 (tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa), karibu zote sikio limetoka kali na macho yana ukungu! Zile alama za rangi zinazoonyesha kingo zilizo kwenye fokasi zilisaidia kidogo tu. Dawa ilikuwa kukuza picha kwenye skrini ya kamera, kulenga kope, ndipo nafyatua. Inachukua muda, lakini picha ya mama ya jana nimeshaipeleka kuchapwa.

Pete mbili za mbele nimezielewa pia: moja inaweka kikomo cha tundu, nyingine inafungua na kufunga. Unafokasi tundu likiwa wazi, unazungusha hadi kikomo, unapiga.

Mandharinyuma yanayozunguka kama kisulisuli, sifa ya lenzi hii, yapo kwa mbali tu, maana sensa hii ndogo (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) inakata pembeni na lenzi ya milimita 58 inaona kama ya 87 kwenye sensa kubwa.

Kilichobaki: asubuhi za baridi hapa Mbeya pete ya fokasi inakuwa nzito mno. Nani anamjua fundi wa kubadilisha grisi?