Nimevuliwa nguo mbele ya mama mkwe, kisa hoteli ya St Pancras!!

Wakuu natetemeka, naandika nikiwa bado ndani ya treni. Yule jamaa wa koti la ngozi, mnamjua, yule asiyekosa ubwabwa wa mtu London nzima, leo kanimaliza.

Tumeenda stesheni kumpokea mama mkwe katoka Paris na Eurostar. Tunatoka nje, mama anaangalia lile jengo la matofali mekundu, minara kama yote, anauliza hili kanisa la nani. Nikajitutumua, mama hii ni hoteli, kampuni ya reli ya Midland ndo ilijenga, ramani kachora Gilbert Scott, ikafunguliwa 1873, vyumba kama 300 ila bafu za kuhesabu, wahudumu wanapandisha makaa na maji wanashusha vyungu vya haja, hoteli mpya zikaja na bafu chumbani hii ikadoda, 1935 ikafungwa ikawa ofisi za reli...

Jamaa akanikata. "Kijana acha kudanganya wazee, hili kanisa."

KIJANA! Mimi baba wa watoto watatu! Na mama mkwe AKACHEKA. Si kicheko cha adabu, kile cha kushika kiuno, hata njiwa wa stesheni waligeuka.

Nikamwambia miaka ya 60 walitaka kulibomoa, 1967 likawekewa ulinzi wa kisheria, 2011 limefunguliwa tena hoteli, mlango ule pale kaone mapokezi. Anasema ile sakristia. SAKRISTIA WAKUU. Mama akacheka tena.

Mzee wa Stendi: Yaani mkuu mama mkwe hata begi hajatua unampa habari za vyungu vya haja? Jamaa kakuokoa.

Binti Pangani: 😂😂😂 kacheka kwa aibu mama wa watu

Mtoa mada: Ile ni historia jamani! Kaniita KIJANA!

Chuma Ulete: Huyo wa koti si ndo namdai pauni 40 tangu harusi ya Reading

Binti Pangani: Kumbe na wewe? Mi kaondoka na hotipoti langu Pasaka hadi leo

Mzee wa Stendi: La maua? Nimeliona kwake juzi lina pilau

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada

Chuma Ulete: Pilau ya nyama au ya kuku